Kishikwambi Kianzie kwa Mwalimu

Shule ya msingi ya wilaya ya Rusizi, Rwanda, ina kila sababu ya kukitamani kishikwambi. Darasa limejaa, kitabu kimoja hupitia mikono mingi, na programu moja hubeba hadithi, sauti na mazoezi ambayo kabati la shule halina. Hata hivyo, Rwanda si ngeni kwa ahadi hii: kuanzia 2008 ilisambaza kompyuta ndogo za XO zaidi ya 200,000 kwa wanafunzi. Peru ilifanya hivyohivyo, na matokeo yake yakapimwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2012, uliohusisha shule 319 za vijijini, haukuona nafuu yoyote katika hesabu wala lugha baada ya miezi 15 hivi. Watoto walizitumia mashine, tena kwa hamu. Tatizo ni kwamba mashine ilikwenda njia yake na somo la siku likaenda njia yake.

Ndiyo maana utafiti wa Kisumu, Kenya, uliochapishwa 2016, unastahili kusomwa na kila anayepanga bajeti ya shule. Shule zote zilizojaribiwa zilikuwa na vitabu na mafunzo ya walimu. Kilichotofautiana ni nani aliyepewa kifaa. Katika kundi moja wanafunzi walipata visomeo vya kielektroniki, katika la pili walimu walipata vishikwambi, na katika la tatu vishikwambi vikapewa washauri wanaowatembelea walimu. Usomaji ulipanda, lakini makundi hayo matatu hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Gharama ndizo zilizotofautiana: kifaa cha mshauri kilikuwa nafuu kuliko vyote, kwa kuwa mshauri mmoja huhudumia shule kadhaa. Wapo wanaohofu kwamba mwalimu anayefuata maelekezo ya somo yaliyo kwenye kioo cha kishikwambi atageuka kasuku. Hofu hiyo ina ukweli kwa mwalimu mzoefu. Kwa anayefundisha Kiingereza ambacho yeye mwenyewe hajakimudu, somo lililoandaliwa vizuri ni msaada, si dharau.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kumtanguliza mwalimu linatoka Tanga, Tanzania. Katika shindano la programu za kujifunzia la Global Learning XPRIZE, lililokamilika 2019, watoto wa vijiji vipatavyo 170 walijifunza kwa vishikwambi bila mwalimu. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni mafanikio makubwa, ila tuyasome yote. Wengi wao hawakuwahi kwenda shule, vituo vya kuchajia kwa jua vilijengwa, na programu zilizungumza Kiswahili, lugha wanayoisikia kila siku. Na nusu nyingine bado haikusoma.

Rusizi haina urahisi huo wa lugha. Mtoto wa kisiwa cha Nkombo anakua na Kimashi, anakutana na Kinyarwanda, kisha anadaiwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Programu iliyotungwa kwa ajili ya mtoto wa London haitamfaa, hata ikipendeza vipi. Wakuu wa shule na kamati za wazazi, kabla ya kupokea shehena ya vishikwambi, ulizeni mambo matatu: programu inazungumza lugha gani, inafuata somo la wiki gani, na nani atamtembelea mwalimu mwezi wa pili baada ya vifaa kufika. Msipopata jibu, fedha hizo nunulieni vitabu.