MWALIMU AKISEMA "NITAULIZA", MSIMCHEKE

Wahenga walinena kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Waama, hawakukosea. Lakini baada ya tukio moja lililotokea darasani mwetu, naomba kuongeza kidogo: hata mwenye nywele nyingi hupata taabu kujisuka kisogoni. Lazima amwite mwenzake.

Wasomaji wapenzi, ilikuwa kipindi cha Kiswahili. Mwenzetu mmoja alinyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, ngalawa na mtumbwi si ni kitu kimoja?" Sisi ni watoto wa Eastlands. Maji tunayoyajua ni ya Mto Nairobi pale Dandora, na yale ya mitungi siku mfereji ukikauka. Mwalimu alifikiri kidogo, kisha akasema, "Tofauti yake siijui barabara. Nitauliza, niwaletee jibu kesho."

Lo! Darasa zima liliangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa mimi. "Ati nitauliza! Sasa analipwa ya nini?" nikamnong'oneza jirani yangu. Kufikia jioni nilikuwa nimeshambandika mwalimu jina la Bwana Nitauliza, na jina likashika.

Kesho yake alikuja na jibu, wala hakuficha alikolitoa. Alikuwa ameandika swali letu katika kikundi cha WhatsApp cha walimu aliosoma nao chuoni. Majibu yalikuja mawili. Mwalimu mmoja wa huku bara alisema ngalawa ni mtumbwi mkubwa tu, basi. Mwingine anafundisha Kwale, naye alitoka akamuuliza mvuvi. Mvuvi akaeleza kwamba mtumbwi ni gogo lililochongwa, lakini ngalawa hutiwa tanga na kufungwa mirengu, yaani mbao zinazoelea ubavuni ili chombo kisipinduke. Mwalimu wetu hakuyameza majibu hayo mazima mazima. Alifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, akalinganisha, ndipo akatuletea la mvuvi.

Hata hapo mimi sikuacha kucheka. Kilichonikomesha ni jambo jingine.

Katika ploti yetu kuna kijana wa darasa la chini yangu ambaye huniletea kazi yake ya ziada. Jioni moja aliniuliza, "Bro, wingi wa ua ni nini?" Alikuwa na maana ya ua wa nyumba, pale tunapoanika nguo. Sikujua. Lakini mimi ni mtu wa kidato cha tatu, tena mwanachama wa Chama cha Kiswahili! Ningesemaje sijui? Nikamjibu kwa sauti kubwa, "Maua." Naye, maskini, akaenda kuandika katika mtihani kwamba maua ya ploti zetu hujaa maji machafu wakati wa mvua. Sentensi yake ilisomwa mbele ya darasa, akachekwa hadi akalia. Jibu lilikuwa nyua. Aliporudi hakunilaumu. Alinionyesha tu karatasi yenye wino mwekundu. Tangu siku hiyo hajaniletea swali tena.

Kumbe neno "nitauliza" lingemwokoa! Nilimwendea mwalimu, nikamwomba radhi. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba hata wasomi wakubwa wameandika juu ya jambo hili, na hayo ndiyo ninayotaka kuwagawia.

Kuna nadharia ya elimu iitwayo konektivizimu. Mwanzilishi wake ni George Siemens wa Kanada, aliyeieleza katika makala ya 2004. Mwenzake katika kuikuza ni Stephen Downes, naye wa Kanada. Wanasema hivi: maarifa ya siku hizi ni mengi mno na hubadilika upesi mno, hivyo hakuna kichwa kimoja kinachoweza kuyabeba yote. Mfano wake ni wavu wa mvuvi. Kila fundo la wavu ni mahali penye maarifa: mtu, kitabu, kamusi, tovuti, hata mashine. Uzi ndio uhusiano unaounganisha fundo na fundo. Kwao, kujifunza ni kuzifunga nyuzi hizo, kuzitunza, na kutambua fundo lipi ni imara na lipi limeoza. Kujua lilipo jibu ni sehemu ya elimu, sawa na kulijua jibu lenyewe.

Mwaka 2008 waliijaribu kwa vitendo. Walitoa kozi kupitia Chuo Kikuu cha Manitoba. Wanafunzi waliolipa karo walikuwa kama 25, lakini watu zaidi ya 2,000 kutoka nchi mbalimbali walijiunga bure kwa intaneti, wakawa wanafundishana wao kwa wao. Wavu ambao mwalimu mmoja hujifumia, wenye wenzake, vitabu na vikundi, huitwa mtandao binafsi wa kujifunzia.

Si wote wanaokubali. Mwaka 2006 msomi wa Uholanzi, Pløn Verhagen, alipinga kwamba hiyo ni nadharia ya kujifunza. Mimi naona hata ikikosa jina, kazi yake tunaiona kila siku. Nendeni Kariobangi Light Industries. Fundi akikwama na injini, hampigii mwenye gari kusema ameshindwa. Humpigia fundi mwenzake wa Grogan kwanza. Hakuna anayemcheka, na gari hutoka.

Walimu wa Kenya nao walianza kufuma nyavu kabla ya simu hizi za kisasa. Kulikuwa na vituo vya ushauri wa walimu, ambapo mwalimu alikutana na wenzake na kupata vifaa. Mwaka 1998 ukaanza mradi wa SMASSE, ulioungwa mkono na Japani, ambao walimu wa hisabati na sayansi walikutana kujifunza namna ya kufundisha kwa majaribio, hata kwa kubuni vifaa kutokana na vitu vilivyo karibu. Mwaka 2003 ulienezwa nchi nzima. Huko Kakuma, katika kambi ya wakimbizi, walimu waliunganishwa kwa WhatsApp na walimu washauri walio mbali, katika mradi ulioendeshwa na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani. Mtu anafundisha darasa lililofurika kule Turkana, na usiku anapata ushauri wa mwalimu aliye ng'ambo!

Hata hivyo, wavu una matundu. La kwanza ni gharama. Bando hununuliwa kwa pesa, na mwalimu wetu hulinunua kutoka mfukoni mwake. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona mnamo Machi 2020, wengi tuliona wenyewe nani alikuwa na simu ya kusomea na nani hakuwa nayo. La pili ni uongo. Jibu lisilo sahihi hupita katika uzi uleule unaopitisha la kweli. Lau mwalimu angelitosheka na jibu la kwanza, leo darasa zima lingeamini kuwa ngalawa ni mtumbwi mkubwa.

Basi tufanyeje sisi tusioruhusiwa simu shuleni? Napendekeza Chama cha Kiswahili kiwe na Daftari la Maswali. Swali likitushinda, liandikwe pamoja na jina la atakayekwenda kuuliza, na jibu lisikubaliwe mpaka litoke pande mbili. Maktaba ya Kaloleni na ya Makadara ziko karibu. Tena, katika ploti moja ya Kayole au Umoja mna Mkamba, Mluo, Mkisii, Msomali na mtu wa Mombasa, mna nesi, makanga na seremala. Hao wote ni mafundo. Kinachokosekana ni uzi, na uzi ni kuuliza.

Walimu wetu, nanyi nawaomba msione haya kutuambia "sijui, nitauliza". Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mkituonyesha jinsi mnavyotafuta, mtakuwa mmetupa kitu cha kutufaa hata baada ya KCSE.

Nami, ukurasa wa kwanza wa daftari hilo nimeshauandika nyumbani: "Ua, nyua." Nimempelekea yule kijana. Aliusoma, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na wingi wa uso?" Nilikuwa nalijua jibu, lakini nilimwambia, "Njoo tuangalie pamoja."