Redio mbili za Saint-Boniface

Ukivuka mto Red kutoka katikati ya jiji la Winnipeg, Kanada, unaingia Saint-Boniface, mtaa ambao Kifaransa kimesemwa tangu karne ya 19. Wenyeji wake wameanzisha redio mara mbili. Hiyo ya pili ndiyo yenye fundisho, kwani ilizaliwa wakati redio ya Kifaransa ilikuwapo tayari, tena yenye fedha za kutosha.

Mwaka 1890 jimbo lao la Manitoba lilikivua Kifaransa hadhi ya lugha rasmi, na 1916 likafuta shule za lugha mbili. Walimu wengi waliendelea kufundisha kwa siri. Mkaguzi akifika, vitabu vya Kifaransa vinafichwa na darasa linageuka la Kiingereza. Katika hali hiyo, tarehe 27 Mei 1946, CKSB ilianza kurusha matangazo, kituo cha kwanza cha Kifaransa magharibi mwa Kanada. Haikujengwa na serikali. Ilijengwa kwa michango ya wenyeji na ya wenzao wa Quebec, watu waliojua kwamba mkaguzi wa shule hana ubavu wa kuifunga sauti inayoingia jikoni. Mwaka 1972 Saint-Boniface ilimezwa na Winnipeg, ikapoteza baraza lake la mji. Mwaka uliofuata shirika la umma, Radio-Canada, likachukua CKSB.

Wapo watakaosema hasara iko wapi. Shirika lilileta mishahara ya uhakika, waandishi waliosomea kazi na mitambo bora, na hilo halina ubishi. Kituo cha michango huishi kwa wasiwasi wa mwezi hadi mwezi. Lakini mwenye fedha ndiye mwenye ratiba. Shirika la taifa zima haliwezi kumpa mwanafunzi asiye na uzoefu saa nzima hewani, wala halilaumiwi kwa hilo. Pengo hilo ndilo lililozibwa mwaka 1991 na Envol, kwenye 91.1 FM, redio ya jamii inayotegemea sana watu wa kujitolea. Jina lenyewe ni la Kifaransa, na maana yake ni kuruka kwa ndege. Jina la majivuno kidogo kwa kituo kidogo, lakini tuwavumilie.

Hoja nzito zaidi ni ya intaneti: kijana wa leo anasikiliza Paris au Kinshasa kwenye simu, ya nini masafa ya mtaani? Ni kweli, Kifaransa chenyewe hakikosekani tena. Kinachokosekana ni Kifaransa kinachozungumzia mkutano wa wazazi wa hapa, au tamasha la Festival du Voyageur la kila Februari, kwa sauti ya mtu utakayekutana naye dukani. Haja hiyo imeongezeka, kwa kuwa wasemaji wa Kifaransa wa Winnipeg sasa ni pamoja na wahamiaji kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, baadhi yao wakizungumza Kiswahili nyumbani. Wao hawakurithi kumbukumbu ya 1916. Wakipewa kipaza sauti wataleta nyimbo na mabishano mengine kabisa, na bila shaka wapo wazee watakaonung'unika kwamba hiyo si Saint-Boniface waliyoichangia.