Tenga la Mlali na Namba za Kompyuta

Mtu ashukaye milima ya Uluguru kwa barabara ya Mgeta, afikapo Mlali msimu wa nyanya, huona matenga yamepangwa yakingojea malori. Na akiuliza bei hujibiwa mara moja, ila akiuliza tenga moja lina kilo ngapi, hapo muuzaji na mnunuzi hutazamana, kwa kuwa neno ni lao wote wawili ilhali kila mmoja ana tenga lake moyoni. Wakala wa Vipimo wanapambana na lumbesa kwa sababu hiyo hiyo: gunia halina dhambi, bali ujazo wake umeachiwa mkono wa mwenye kushindilia.

Kompyuta nazo zina tenga la namna hiyo. C, lugha ya kutungia programu aliyoibuni Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, ina tenga lake la namba kamili, nalo huitwa int. Kanuni rasmi ya 1989 haikutaja lina biti ngapi, yaani nafasi ngapi za tarakimu 0 au 1. Ilishurutisha tu libebe namba kutoka hasi 32,767 hadi chanya 32,767, yaani lisipungue biti 16, na mashine yenye nafasi zaidi ijipimie yenyewe. Watunzi wa kanuni walikuwa na udhuru, maana mashine za zama zile zilihesabu kwa biti 16, nyingine 32, hata 36, na kuzilazimisha zote kipimo kimoja kungezidhulumu baadhi. Lugha ya Java, iliyotoka 1995, iliukataa udhuru huo: kwake int ni biti 32 popote iendapo, na kikomo chake ni 2,147,483,647. C nayo, katika kanuni ya 1999, iliongeza aina zenye ukubwa uliotajwa kwa jina, bila kuliondoa lile tenga la zamani.

Bilioni mbili na ushei huonekana nyingi mpaka zipate cha kuhesabu. Programu ya fedha iliyotungwa katika nchi ya dola, ikiandika kila kitu kwa senti ili kuepukana na desimali, hutosheka hadi dola milioni 21. Ileteni katika chama cha ushirika cha wakulima wetu, nayo itafika ukingoni kwenye shilingi 21,474,836 na senti 47, kiasi cha kununulia gari kuukuu.

Ukiongeza senti moja baada ya hapo, je? Java hugeuza namba ikawa hasi, na mwenye akiba akalala tajiri akaamka mdeni. Kanuni ya C hutamka wazi kwamba haitoi ahadi yoyote, na kitafsiri, yaani programu igeuzayo maandishi kuwa lugha ya mashine, kina ruhusa ya kudhani jambo hilo halitokei kabisa, hata kikaufuta ukaguzi ambao mtunzi ameuandika kwa hadhari. Upana usiotajwa naweza kuusamehe. Ruhusa hii siwezi. Lugha ya Ada, ambayo kanuni yake ni ya 1983, humwachia mtunzi ataje mipaka kwa mujibu wa kitu chenyewe, mathalani siku za mwezi kutoka 1 hadi 31, na namba ikivuka mpaka hupiga kelele. Daftari la mazao ningelitaka hivyo, maadamu yupo wa kuzisikia: roketi ya Ariane 5, Juni 4, 1996, ilikuwa na programu ya Ada, kelele zikapigwa namba ya biti 64 iliposhindiliwa katika biti 16, wala hapakuwa na aliyewekwa kuitika, na chombo kikaangamia kabla ya dakika moja kutimia.

Tenga jingine linajaa polepole. Mashine zihesabuzo sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti 32 zitafika kikomo Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, watu wa Mlali wakielekea bustanini. Na zile zitakazokuwa hazijarekebishwa zitadhani ni Desemba 1901, Morogoro ingali mikononi mwa Wadachi.