Seti ya Bao ya Kijiwe: Wana wa Mtwara, Msikurupuke

Kijiwe kisicho na mchezo ni watu wamekaa kila mmoja na simu yake, bando likiisha wanaaga. Weka bao kali katikati uone. Wawili wanacheza, sita wanawafundisha kwa kelele, mmoja anapiga stori za mnada wa korosho, na hakuna anayeangalia saa. Iwe Shangani, Chikongola au kule Mikindani, mzuka ni uleule.

Nalisema hili kwa sababu masela wengi siku hizi wanazimia seti za poka wanazoziona mtandaoni, chipu za rangi zenye majina ya wenyewe. Siwalaumu, zile chipu zina mvuto. Nyingi za kuchezea nyumbani zina kipenyo cha milimita 39 na uzito wa gramu 11.5, maana ndani ya plastiki wameficha kipande cha chuma ili zijae mkononi na zilie vizuri mezani. Ila pwani yetu ina kete zinazoota zenyewe mchangani, na mkoa wetu una wachongaji ambao dunia nzima inawajua. Kama kijiwe chenu kinachangishana mkwanja, agizeni bao la kuchongwa. Sasa skilizeni namna ya kuchagua bila kupigwa.

Kete kwanza

Kete za ukweli ni komwe, mbegu za mkomwe, ule mti mtambaazi wenye miiba unaopenda kuota karibu na fukwe. Hata maganda yake yana miiba. Ndani unakuta mbegu za kijivu, laini kwa nje na ngumu kinoma, zinazoelea baharini na kusafiri hadi nchi za mbali. Ukiwa upande wa Msimbati kumbuka uko kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Humo usijiokotee tu, waulize wenyeji na wahifadhi kwanza.

Bao la Kiswahili linataka kete 64, 32 kwa kila mchezaji. Nyie tafuteni 70, kwa sababu watoto watazichezea na nyingine zitapotelea mchangani. Zichagueni zilingane. Kete kubwa inajaza shimo na kumdanganya mtu jicho, ndogo inabaki kwenye kona ya shimo wakati wa kuzoa, halafu hapo ndipo ugomvi unapoanza. Yenye ufa au tundu la mdudu itupeni nje.

Na msizipake rangi za timu. Kwenye poka rangi ni bei ya chipu, ndiyo maana wanahangaika nazo. Kwenye bao kete zote ni sawa na hazina mwenyewe. Nikila zako nazipanda kwangu, raundi inayofuata unazila unazipanda kwako. Rangi haitakusaidia kitu.

Mbao sasa

Kila mtu akisikia mchongaji wa Kimakonde anawaza mpingo. Mpingo ni mkali, hata zumari za Ulaya wanazoziita klarineti zinatengenezwa kwa mti huo. Ila unakua taratibu mno, miongo kwa miongo, na shina lake mara nyingi ni jembamba na limepinda. Kupata ubao mpana wa mpingo usio na ufa ni shughuli, bei inachangamka, na uzito wake utawafanya mlaze bao palepale kila siku. Kwa kijiwe, chukueni mninga. Ukikauka vizuri haupindi ovyo, unachongeka, na rangi yake inazidi kupendeza kadiri mikono inavyoupapasa. Mkongo nao uko freshi, mgumu na unadumu.

Kama bado roho yenu iko kwenye mpingo, jihadharini na matapeli wanaopaka mti mwepesi rangi ya viatu. Geuzeni bao, kwangueni kidogo upande wa chini. Mkikuta weupe au wekundu chini ya ule weusi, ondokeni. Halafu mpingo wa kweli ukiuweka kwenye maji unazama, kwa hiyo ombeni kipande kilichobaki mjaribu.

Swali muhimu kuliko yote kwa fundi ni hili: mti umekaukia kivulini muda gani? Mvua zetu za kuanzia Desemba hadi Aprili na unyevu wa bahari havina huruma na mti mbichi. Bao litapasuka kabla hamjamaliza kulipana michango.

Mashimo ndiyo mchezo wenyewe

Hesabuni mistari minne, kila mmoja mashimo manane, jumla 32. Kila upande lazima uwe na nyumba, lile shimo la mraba kwenye mstari wa mbele. Mabao mengine ya kuuzia watalii hayana nyumba, au mashimo yake ni ya kina kifupi. Hilo ni pambo la ukutani, msilipie.

Pimeni kwa mkono. Vidole vinne viingie na kuzoa kete zote kwa mkupuo mmoja. Kila mmoja anaanza na kete sita ndani ya nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza moja moja. Lakini mkifika kwenye mtaji, za mkononi zikishaisha, nyumba inaweza kuwa imejaa hatari, kwa hiyo shimo lisiwe kisahani. Mwambieni fundi aweke na ghala pembeni, shimo kubwa la kutunzia zile 22. Kingo zilainishwe kwa msasa mpaka kete iteleze. Jina la kijiwe lichongwe ubavuni, juu litasumbua mikono.

Kwa fundi mnaenda kwa heshima. Shikamoo kwanza, bei baadaye. Mfuateni mkiwa na vipimo kwenye karatasi, mpeni nusu ya malipo, nusu mkimalizana. Wazee wengi wa kuchonga ni wachezaji pia, na mkikaa naye mkacheza mkono mmoja atawafundisha kutakata kuliko video yoyote. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mtu wa bao. Mholanzi Alex de Voogt mwaka 1995 aliandika tasnifu nzima kuhusu mabingwa wa bao pale Chuo Kikuu cha Leiden, namna vichwa vyao vinavyobeba hesabu ndefu za kete. Huu mchezo si wa wazee waliochoka, ni wa vichwa.

Dau liwe dogo

Hapa naongea kwa moyo wote. Tumeona washkaji wanavyopotezana kwa sababu ya hela za mezani, hasa msimu wa korosho mifuko ikiwa imenona. Kuendesha kamari ya pesa bila leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ni kosa kisheria, na hata bila sheria, mtu aliyeliwa hela ya kodi ya geto hawezi kucheka na wewe kesho. Kijiwe kikubaliane mapema: aliyefungwa ananunua kahawa na kashata, au soda. Mwisho hapo. Anayetaka kupandisha hadi msimbazi mwambieni kiroho safi kwamba hapa si mahali pake.

Basi wana, changeni, mchague mninga uliokauka, komwe 70 zilizolingana, nyumba ya mraba na shimo linalozoleka. Hela ibaki Mtwara kwa fundi wenu, na dogo wa mtaa akisogea kuangalia, mpisheni akae, mumfundishe kunamua.