Chakula Zaidi Katika Shamba Lile Lile

Mwaka 2006 wataalamu waliochunguza miradi 286 ya kilimo katika nchi 57 maskini walitangaza jambo la kustaajabisha. Wakulima milioni 12.6, wengi wao wenye mashamba madogo, walikuwa wametunza udongo na maji yao kwa uangalifu, na mavuno yao yakaongezeka kwa wastani wa asilimia 79.

Habari hiyo yawahusu watu wa mahali kama Kamenu, katika mji wa Thika, ambako nyumba huzidi kuongezeka, na shamba la baba likigawiwa wana hubaki vipande. Mwenye kipande hawezi kukipumzisha hata msimu mmoja. Hupanda mahindi juu ya mahindi, na mavuno yakipungua hununua mbolea ya chumvichumvi. Mbolea hiyo hulisha mmea upesi, wala si vema kuidharau. Lakini ile iitwayo DAP, ikitiwa peke yake miaka mingi, huuzidishia udongo asidi, hata mmea ukashindwa kupata chakula kilichomo. Ndipo mtu hutoa fedha nyingi akavuna kidogo.

Mwaka 1986 ilianzishwa Taasisi ya Kilimo-hai ya Kenya ili kuwafundisha wakulima njia nyingine, na iliyo kubwa ni mboji. Chini huwekwa vijiti vikavu ili hewa ipite; juu yake mabua yaliyokatwakatwa, kisha majani mabichi, samadi, majivu kidogo na udongo wa juu, tabaka juu ya tabaka, huku maji yakinyunyizwa. Fimbo ndefu huchomekwa katikati. Ikichomolewa baada ya siku chache nayo ina joto, mambo ni mazuri. Ikiwa baridi na kavu, lundo lataka maji. Baada ya wiki tatu hivi hugeuzwa, na kwa muda wa miezi mitatu huwa jeusi, lenye harufu ya udongo wa msituni. Shamba lililotiwa mboji hushika maji muda mrefu, na hilo ni jambo kubwa mvua ikikatika mapema.

Kazi ni nzito, hasa kwa wanawake, ambao mara nyingi ndio wabebao samadi. Asiye na ng'ombe aweza kutumia mavi ya kuku, maganda ya jikoni na masalio ya mboga za sokoni, mradi aondoe nailoni zote. Anayetaka mboji kwa mvua ndefu ya Machi na aanze lundo lake mapema Desemba, alifunike kwa majani ya migomba, jua la Januari lisije likalikausha.