Je, Wajua? Udongo wa Kisarawe na Rafu za Ukutani

Je, wajua kwamba vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, vina kaolini, udongo mweupe unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri, rangi za ukutani na matofali yanayohimili moto? Kaolini safi haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzijoto 1,700 za Selsiasi. Ndiyo maana matofali ya udongo wa jamii hiyo hujengewa ndani ya tanuri na meko ya sebuleni.

Kwa joto la Kisarawe, sebule haina haja ya meko; hayo ni ya nyanda za baridi kama Lushoto. Lakini rafu za kujengewa ukutani ni urithi wa pwani ya Waswahili: katika karne ya 18, matajiri wa Lamu walipamba kuta kwa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na kupanga humo vyombo vya kauri kutoka China, vilivyofinyangwa kwa kaolini.

Una sebule ndogo na unataka rafu kama hizo? Ukuta wa tofali za inchi 6 ni mwembamba, usiuchimbe. Jengea rafu mbele yake. Kina cha sentimita 25 hadi 30 kinatosha vitabu. Na usiguse nguzo wala linta kabla fundi hajakagua.