Kisiwa cha Kilwa kimehesabiwa, siye wa ng'ambo tungali tunangoja

Leo hatusemi juu ya mushahara. Tunasema juu ya kisiwa, na mutaona kama mambo yake yanafika mpaka mu nyumba zetu.

Mu ziwa Moero, mbele ya muji wa Kilwa, teritwari ya Pweto, kuko kisiwa chenye jina lile lile: Kilwa. Ukisimama ku bandari unakiona, na mvuvi mwenye mikono mizuri anafika kwa kasia tu. Lakini si cha Kongo. Ni cha Zambia, wilaya ya Nchelenge, ijapokuwa Nchelenge yenyewe iko ng'ambo ile ingine ya ziwa.

Namna gani? Tarehe 12 Mei 1894, Waingereza na mfalme Leopold II walipatana juu ya mpaka. Walipiga mstari kutoka pale mto Luapula unapotoka mu ziwa mpaka pale unapoingilia, halafu wakaandika kama ule mstari utapinda upande wa kusini, kusudi kisiwa cha Kilwa kiwe cha Uingereza. Ni mstari wa kupinda kwa ajili ya kisiwa kimoja tu. Bashila waliokuwa wakivua samaki pale hawakuulizwa. Mpaka leo watu wa ng'ambo zote mbili wanasema Kibemba, wanaoana, wanazikana. Bwana-arusi anatoka Kilwa ya Kongo, bibi-arusi anatoka Kilwa ya Zambia, na bana wao wanaishi mu mitumbwi kati ya mbili.

Sasa tuje ku hesabu. Zambia ilihesabu watu wake 1969, 1980, 1990, 2000, 2010, na tena 2022. Mu 2010 wilaya ya Nchelenge ilikuwa na watu zaidi ya 150,000, na jimbo lote la Luapula karibu milioni 1. Mu 2022 Luapula ilipita milioni 1.5. Mtoto aliyezaliwa ku kisiwa mu 2005, Lusaka imekwisha kumuandika mara mbili.

Na siye? Mara ya mwisho Leta kuhesabu watu wa inchi hii mlango kwa mlango ilikuwa Julai 1984, wakati wa Zaïre, wakati Katanga ilikuwa inaitwa Shaba. Walipata watu kama milioni 30 na nusu hivi. Leo wanasema tunapita milioni 100, lakini ile ni hesabu ya kupima tu, ya kuchukua namba ya zamani na kuongeza kitu kila mwaka. Aliyezaliwa Pweto kisha ile siku ya 1984 ana miaka 40 na zaidi, pengine ni babu, na hakuna muhesabu wa Leta aliyepiga hodi kwake. Kuko uchaguzi, ndiyo, na watu wanaandikwa kwa karte. Lakini karte ni ya miaka 18 na kupanda. Mu inchi hii karibu nusu ya watu hawajafika miaka 15. Ule uandikishaji unaacha ile nusu yote inje.

Wengine watasema: kisiwa kidogo, watu wachache, kuhesabu ni rahisi. Kweli kuko visiwa vya namna ile. Mu bahari ya Atlantiki kuko Tristan da Cunha, kisiwa cha Uingereza, mbali sana na kila inchi, chenye watu wasiofika 300. Mwaka 1961 volkano ilipasuka, wakapelekwa wote Uingereza kwa meli, na mu 1963 wengi wao wakarudi kwao. Pale kila kuzaliwa na kila kufa kunajulikana, hata bila karatasi.

Kilwa si vile, juu ziwa halitulii. Kisiwa kinavimba na kinapungua. Wakati wa chisense, vijana wanafika kutoka kila upande kuvua usiku kwa taa, wanajenga nyumba za majani, bamama wanakuja kununua na kuanika. Halafu kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari Zambia inafunga uvuvi, samaki azae. Wageni wanatoka, ziwa linabaki na wenyeji. Wahesabu wa 2022 walipita Agosti na Septemba, wakati nyavu ziko mu maji. Kama wangepita Januari wangekuta kisiwa kingine. Ndiyo sababu kazi ya kuhesabu watu ina maulizo mawili: nani alilala humu usiku ule, na nani anakaa humu kila siku? Mvuvi wa Kongo aliyelala ku kisiwa anaweza kuandikwa kwa ulizo la kwanza. Kwa la pili anarudishwa kwao, na kwao hakuna anayeandika.

Uzazi pia. Uchunguzi wa afya wa 2013-2014 ulikuta mwanamuke wa Kongo anazaa kwa kadiri ya bana 6.6. Kwa Zambia, mu 2018, ilikuwa 4.7, na mu vijiji vyao 5.8. Si kwamba mama wa ng'ambo hii anapenda bana kupita wa ng'ambo ile. Masomo ya binti, kituo cha afya karibu, ndoa ya mapema ao ya kuchelewa, hayo ndiyo yanafanya tofauti. Na hayo yote yanaomba mtu ajue kwanza binti wako ngapi.

Pengine muchimba madini wa Lubumbashi ao wa Likasi anauliza: hii inanihusu nini? Tumukumbushe. Wakati wa Union Minière, posho ya babu zetu ilikuwa na samaki ya Moero na ya Luapula. Wachuuzi Wagiriki wa Kasenga walinunua mpumbu na mpale, wakatia mu barafu, camion zikapanda mpaka Elisabethville. Walivua mpumbu mpaka karibu wamumalize, hata mbele ya uhuru. Na kampuni ile, tangu miaka ya 1920 ilipotaka mfanyakazi akae na bibi yake mu kambi, ilihesabu kila kitu: mtoto aliyezaliwa, mtoto aliyekufa, kilo za unga. Haikufanya vile kwa mapendo. Ilifanya juu mtu aliyehesabiwa alikuwa mali ya kazi. Yule aliyemvulia samaki hakuandikwa popote.

Leo ni nini? Teritwari ya Pweto ina migodi. Dikulushi, shaba na feza, ilianza 2002. Halafu kuko Kapulo. Madini ya Dikulushi yalikuwa yakishuka mpaka bandari ya Kilwa, yakivuka ziwa kwa pontoni kwenda Nchelenge. Tani zake ziliandikwa. Mu Oktoba 2004, waasi wachache walipoingia Kilwa na jeshi likairudisha, watu wengi walikimbilia mu mitumbwi, upande wa Zambia. Umoja wa Mataifa uliandika kama watu wasiopungua 73 waliuawa. Mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachilia washitakiwa juu ya mauaji yale mu 2007. Miaka kumi kisha, mu 2017, uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ulitangazwa: Leta ya Kongo ilipe familia dola milioni 2.5. Tunakumbusha hii kwa sababu moja: wafu wa Kilwa wana hesabu iliyoandikwa, wazima wa Kilwa wangali wanakadiriwa.

Sheria ya migodi ya 2018 inasema 15 kwa mia ya kodi ya madini iende ku sekta, sheferi ao komini yenye mugodi, na kampuni itoe tena 0.3 kwa mia ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji. Siye wa sendika tunakaa mu mikutano ya namna ile. Ulizo la kwanza kila mara: kijiji kina watu ngapi? Mkubwa wa kijiji anasema namba yake, kampuni inasema yake, na ya kampuni ni ndogo siku zote. Kalasi tatu ao sita, kisima kimoja ao vinne, vinapimwa pale. Mwenye karatasi anashinda, mwenye kinywa anaambiwa angoje.

Haiko vile ku madini tu. Zone za afya za Kilwa na Pweto zinajua kolera karibu kila mwaka. Dawa na chanjo zinatumwa kwa kadiri ya watu walioandikwa. Wauguzi wanajua kama namba ni ya kubahatisha. Ndiyo maana kila wakati wa kugawa vyandarua wanapita wenyewe nyumba kwa nyumba kuhesabu vitanda. Kazi nzuri, na tunawasifu. Lakini ile karatasi ni ya vyandarua, haifiki ku meza inayogawa shule.

Kuko tena fishi ya familia mu ofisi ya kazi, ile inayoandika bibi na bana wenye haki ya kutunzwa na kampuni. Wafanyakazi wengi wanaandika bana walio nao mu kambi tu. Wale walioachwa Pweto kwa nyanya, ao waliovuka kisiwa kwa mjomba, hawaandikwi, juu cheti cha kuzaliwa kinakosekana. Delege wa sendika anaweza kusaidia kutafuta kile cheti, na ni kazi yake. Mumuulize.

Leta inasema hesabu ya pili itakuja. Itaanza na ramani: watu wanatumwa kupanga kila mtaa na kila kijiji mbele ya kuhesabu. Yule atakayetumwa Kilwa atashuka mpaka bandari, ataandika nyumba ya mwisho, na pale atageuka, juu mstari wa 1894 ungali unapinda pale pale.